Kusoma na kuweka alama kwenye nyaraka kwa kishikwambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanza kusomea kwenye kishikwambi huuliza kuhusu kifaa: ukubwa, kalamu, programu. Miezi michache ikipita, swali hugeuka: "Maelezo yangu yamekwenda wapi?" Majibu haya yamefuata mwendo huohuo. Kama tayari umepoteza kitu na roho inakudunda, ruka hadi sehemu ya tatu.

## Kifaa, kalamu na faili

Kishikwambi cha ukubwa gani kinafaa kusomea?

Anza na ukurasa unaousoma zaidi, kisha ndipo uangalie kifaa. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na mshazari wake unakaribia inchi 14.3. Vishikwambi vingi viko chini ya hapo. Kioo cha inchi 10.3 chenye uwiano wa 4 kwa 3 kina milimita 157 kwa 209 hivi. Ukurasa mzima wa A4 ukibanwa humo hubaki na asilimia 70 ya ukubwa wake. Herufi za pointi 12 zitaonekana kama za pointi 8 na ushee, na tanbihi zitageuka safu za chungu.

Lakini kioo hichohicho kinalingana karibu kabisa na karatasi ya A5, ambayo ni milimita 148 kwa 210, ndiyo maana vitabu vya kawaida husomeka humo bila shida. Msomaji wa vitabu anatoshwa na inchi 8 hadi 10. Anayesoma makala zenye safu mbili, ramani, michoro ya kihandisi au fomu atafute inchi 11 na kuendelea.

Kama unacho kidogo tayari, usikimbilie kununua kingine. Kilaze ubavu. Kile kioo cha inchi 10.3 kikilazwa kinakuwa na upana wa milimita 209, sawa na upana wa A4, kwa hiyo utaona nusu ya juu ya ukurasa kwa ukubwa wake halisi, kisha nusu ya chini.

PDF na EPUB zina tofauti gani?

PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa. Adobe waliitoa mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 32000. Kila herufi imepewa mahali pake kwenye ukurasa na haihami, ufungue kwa kifaa chochote. EPUB ni maandishi yanayotiririka: ndani yake mna kurasa zilizotengenezwa kama za wavuti na kufungwa pamoja. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya.

Kwa mtu wa kuweka alama, hapo ndipo njia zinapoachana. Kwenye PDF unaweza kuchora mshale kutoka aya ya juu hadi jedwali la chini, na kesho utaukuta palepale. Kwenye EPUB alama hushikamana na maneno, si na mahali. Ukishabadilisha ukubwa wa herufi, aya na jedwali vitaachana na mshale hautakuwa na pa kukaa. Chagua EPUB kwa kusoma mfululizo, na PDF kwa kuhariri, kusahihisha au kujadiliana na watu kwa kutaja namba ya ukurasa.

Kioo cha kawaida au cha wino wa kielektroniki?

Kioo cha wino wa kielektroniki hakitoi mwanga wenyewe kwa ndani. Kina chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme, nawe unazisoma kwa mwanga unaoakisiwa, kama karatasi. Umeme hutumika hasa ukurasa unapobadilika, kwa hiyo chaji hukaa siku nyingi. Ubaya wake ni uzito wa mwendo: kugeuza kurasa kunachelewa, kukuza kunachelewa, na rangi, pale zilipo, ni hafifu.

Kwa maoni yangu, tabia yako ya kusoma iamue. Anayeanza ukurasa wa kwanza na kwenda hadi wa mwisho atakipenda. Anayeruka kutoka uk. 14 hadi faharasa, kisha arudi uk. 9, atakichoka katika juma la kwanza.

Je, lazima niwe na kalamu?

Hapana. Kidole kinatosha kupaka rangi maneno, kupigia mstari na kufungua kisanduku cha maoni. Kalamu inahitajika pale unapoandika kwa mkono au kuchora.

Kuna aina tatu na hazibadilishani. Ya kwanza ina ncha ya mpira na kioo huiona kama kidole; inafanya kazi kwenye kioo chochote cha kugusa, lakini mwandiko wake ni mnene. Ya pili ina betri na huwasiliana na kifaa maalumu, kama Apple Pencil, iliyotoka mwaka 2015. Ya tatu, kama S Pen ya Samsung na ile ya Kindle Scribe, kifaa cha Amazon cha wino wa kielektroniki, huandika bila betri kwa sababu inapata nguvu kutoka kwenye kioo chenyewe. Kabla ya kununua, hakikisha kalamu imetajwa kwa jina la kifaa chako na toleo lake. Hata ndani ya kampuni moja, kalamu ya iPad hii inaweza isifanye kazi kwenye iPad ile.

Programu ipi ni bora?

Swali hili lina majibu mengi kuliko waulizaji. Kwa PDF za kawaida, Acrobat Reader na Xodo zinatosha, na iPad inaweza kuweka alama kwenye PDF bila kuongezewa kitu. Wanaoandika sana kwa mkono huishia kwenye GoodNotes au Notability. Watafiti wenye marejeo mamia hupendelea Zotero. Kwa vifaa vya wino wa kielektroniki na vya Android, KOReader ni ya bure na ina mipangilio mingi hadi inachosha.

Mimi huuliza jambo moja tu kabla ya kuhamia programu yoyote: nikiiondoa kesho, nitatoka na nini mkononi? Kipimo chenyewe kimeelezwa kwenye swali la faili lililotumwa likaonekana tupu.

## Kuweka alama

Nipake rangi kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotamani. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujifunza, na kupaka rangi au kupigia mstari kukaangukia kundi la chini kwa manufaa. Mbinu zilizoshika nafasi ya juu ni kujijaribu mwenyewe na kurudia somo kwa vipindi vilivyoachana.

Hiyo haina maana kwamba rangi ni dhambi. Shida ni kwamba mkono hutangulia akili: unapaka unaposoma kwa mara ya kwanza, wakati bado hujajua sentensi ipi ndiyo nguzo na ipi ni pambo. Matokeo yake ukurasa wote unakuwa wa njano, na ukurasa wote ukiwa wa njano ni sawa na usio na rangi. Soma aya nzima kwanza, kisha rudi. Na kando ya kila rangi andika maneno yako mwenyewe, hata matatu: "anajipinga hapa", "linganisha uk. 40", "ushahidi uko wapi?" Baada ya miezi sita, maneno hayo ndiyo yatakayokueleza kwa nini ulisimama pale.

Je, nitumie rangi nyingi zenye maana tofauti?

Mbili, labda tatu. Mwenye rangi saba husahau ya nne ilikuwa ya nini. Kumbuka pia kwamba kwenye kioo cheusi na cheupe, au ukichapisha bila rangi, zote zitakuwa kijivu.

Niandike kwa mkono au nichape?

Maandishi ya mkono kwenye PDF ni mistari ya wino tu. Kwako wewe ni neno "bajeti", kwa programu ni vijistari. Baadhi ya programu hutambua mwandiko na kukuwezesha kuutafuta, lakini utambuzi huo mara nyingi hubaki ndani ya programu ileile. Faili likihamia kwingine, unabaki na picha.

Kwa hiyo mimi hugawa kazi. Mishale, duara, mabano na hesabu ni za mkono. Chochote nitakachotaka kukitafuta au kukinakili baadaye nakichapa kwenye kisanduku cha maoni.

Kwa nini siwezi kuchagua maneno kwenye faili langu?

Kwa sababu hayo si maneno. Faili limetokana na kuskani karatasi, na kila ukurasa ni picha. Bonyeza neno moja kwa muda. Kama halichaguliki, au kama ukurasa wote unachaguliwa kwa pamoja, umepata jibu.

Dawa ni kulipitisha kwenye programu ya kutambua herufi, ambayo husoma picha na kuweka safu ya maandishi yasiyoonekana chini yake. Tesseract ni mojawapo, ni ya bure, na ina data ya Kiswahili. Ukiskani mwenyewe, tumia angalau nukta 300 kwa inchi na unyooshe karatasi. Ukurasa uliopinda karibu na mshono wa kitabu huzaa maneno ya ajabu. Fanya utambuzi kabla ya kuweka alama, na ulitunze faili la awali. Baadhi ya programu hutengeneza faili jipya kabisa, na alama ulizokwisha kuweka zikaachwa nyuma.

Pambizo ni nyembamba. Nitaandika wapi?

Kuna haja mbili zinazovutana hapa. Anayetaka kusoma tu anataka pambizo zikatwe ili herufi zijae kioo. Programu nyingi hufanya hivyo kwa kuonyesha tu, bila kugusa faili. Anayetaka kuandika anataka pambizo ziongezwe. Baadhi ya programu za mwandiko zinaweza kupanua ukurasa upande mmoja, na hiyo ndiyo njia safi kuliko zote.

Njia ya kuchomeka kurasa tupu katikati inafanya kazi, lakini namba zinasogea. Ukimwambia mwenzako "tazama ukurasa wa 31" atafungua mwingine. Nakala kama hiyo iwe yako peke yako.

Kiganja changu kinachora au kinageuza ukurasa.

Tafuta kwenye mipangilio sehemu inayoruhusu kalamu pekee kuchora. Kwa kalamu ya ncha ya mpira hakuna tiba ya kweli, kwa sababu kioo hakiwezi kuitofautisha na mkono.

## Alama zinakaa wapi

Nilituma faili lenye maelezo yangu, aliyepokea akasema ni tupu. Kwa nini?

Hili ndilo swali mama. Alama unayoiona kwenye kioo inaweza kuwa imekaa mahali pamoja kati ya patatu.

Mahali pa kwanza ni ndani ya faili, kama tabaka juu ya ukurasa. Kiwango cha PDF kina nafasi rasmi kwa ajili ya rangi, mistari, wino na maoni, na programu nyingine inayofuata kiwango hicho itaviona na hata kuvihariri. Mahali pa pili ni kwenye ghala la programu yenyewe, nje ya faili. Unaona alama kwa sababu programu inaziweka juu ya ukurasa kila unapofungua, lakini faili lenyewe halijaguswa. Zotero tangu toleo la 6, la mwaka 2022, hufanya hivyo kwa makusudi, na inakupa njia ya kutoa PDF yenye alama unapohitaji. Mahali pa tatu ni kwenye ukurasa wenyewe, alama zikiwa zimegandishwa. Tazama swali linalofuata.

Ukituma faili ambalo alama zake ziko mahali pa pili, mwenzako anapokea waraka mtupu. Ziko mahali pa kwanza na bado haoni? Basi huenda anautazama kwa kionyeshi chepesi cha barua pepe au cha programu ya ujumbe, ambavyo mara nyingine havionyeshi maoni kabisa. Mwambie aufungue kwa programu kamili ya PDF.

Kipimo ni rahisi na huchukua dakika mbili. Chukua faili usilolijali, weka rangi moja, maoni moja ya kuchapa na mstari mmoja wa mkono. Nakili faili hilo nje ya programu, lifungue kwa programu nyingine. Kilichoonekana kiko ndani. Kisichoonekana kiko ghalani. Mimi sikufanya kipimo hiki. Niliondoa programu fulani ili kupata nafasi, nikijua mafaili yangu yote yako salama. Yalikuwa salama kweli, meupe kama siku nilipoyapakua, na maelezo ya miaka miwili hayapo.

Kugandisha alama ni nini, na nifanye lini?

Ni kuzichanganya alama na ukurasa ziwe kitu kimoja, kama wino uliokwisha kukauka. Katika programu nyingi utakuta njia hii unapotoa au unapochapisha faili. Faida: kila kifaa kitaonyesha, hata kile kionyeshi chepesi. Hasara: huwezi tena kufuta wala kuhariri, na kisanduku cha maoni kilichokuwa kimefungwa kinaweza kubaki kialama kidogo bila maneno yake. Gandisha nakala ya kutuma. Faili unalolifanyia kazi liache hai.

Nataka kuhamia programu nyingine. Nisafirishe vipi?

Toa kila waraka kama PDF yenye alama, si kwa muundo maalumu wa programu. Usitegemee nakala ya akiba ambayo programu imejitengenezea, maana mara nyingi ni yenyewe tu inayoweza kuisoma. Fungua mafaili matatu au manne kwenye programu mpya, kagua, ndipo uondoe ya zamani. Madaftari ya mwandiko hupoteza zaidi: kurasa zitafika, lakini pengine kama picha isiyoharirika.

Nasoma kwenye simu na kishikwambi, na sasa nina nakala mbili zenye alama tofauti.

Umeweka alama kwenye kifaa kimoja bila mtandao, kisha ukafungua kingine kabla cha kwanza hakijapandisha mabadiliko. Hifadhi ya mtandaoni haijui kuunganisha PDF mbili. Inachojua ni kuzitunza zote. Usifute yoyote. Ipe jina iliyo na alama nyingi, kisha hamisha za nyingine kwa mkono. Baada ya hapo, chagua kifaa kimoja cha kuandikia na kingine kiwe cha kusomea.

Naweza kupata maelezo yote kwenye ukurasa mmoja?

Ndiyo, programu nyingi zina njia ya kutoa muhtasari wa alama na maoni kama maandishi. Kagua mpangilio kwenye makala za safu mbili: wakati mwingine alama hupangwa kwa urefu wa ukurasa, na sentensi ya safu ya kulia ikaja kabla ya ya kushoto. Maandishi ya mkono hayatatoka, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la kuandika kwa mkono.

## Macho na kumbukumbu

Macho yananiuma. Ni mwanga wa buluu?

Shutuma za kwanza zielekeze kwenye kukodoa. Mtu anayetazama kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka. Kanuni inayotolewa na wataalamu wa macho ni kuinua macho kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Punguza mwanga wa kioo ulingane na chumba na ukuze herufi. Mandhari meusi husaidia gizani, lakini kwa maandishi marefu mchana wengi huona meusi juu ya meupe yanasomeka vizuri zaidi.

Ni kweli kwamba kwenye kioo tunaelewa kidogo kuliko kwenye karatasi?

Kwa wastani, kidogo, na si kwa kila andiko. Uchambuzi uliotoka mwaka 2018 ulijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ukakuta karatasi inaongoza kwa maandishi ya maarifa, na pengo huongezeka msomaji anapobanwa na muda. Kwa hadithi tupu tofauti haikuonekana. Ninachokichukua hapo ni tahadhari ya mwendo: kwenye kioo tunateleza. Kuandika sentensi moja mwishoni mwa kila sehemu, kwa maneno yako, ni breki.

## Hali zisizo za kawaida

Nimefunika jina la mtu kwa kisanduku cheusi. Inatosha?

Hapana kabisa. Kisanduku ni tabaka juu ya maneno. Maneno bado yako chini na yanaweza kuchaguliwa na kunakiliwa. Mnamo Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump nchini Marekani, waliwasilisha mahakamani waraka uliofunikwa namna hiyo, na waandishi wa habari wakasoma yaliyofichwa kwa kunakili na kubandika. Tumia zana iliyotengenezwa kwa ajili ya kuondoa maandishi yenyewe, kisha ujaribu kunakili sehemu ile kabla hujatuma. Kupaka rangi nyeusi inayopenya nusu ni kubaya zaidi: ukiongeza mwanga wa kioo, jina linasomeka.

Je, mpokeaji ataona jina langu kwenye maoni?

Mara nyingi ndiyo, pamoja na tarehe na saa. Programu huchukua jina la akaunti au la kifaa. Kama unapitia kazi ya mtu bila kutakiwa kujulikana, badilisha jina hilo kwenye mipangilio kabla ya kuanza, maana maoni uliyokwisha kuandika hubaki na jina la zamani.

Faili linafunguka lakini linakataa alama.

PDF inaweza kuwa na nywila mbili: ya kufungua na ya kusimamia ruhusa. Mwenye waraka ameruhusu kusoma akazuia maoni. Muombe nakala iliyo wazi. Sababu nyingine ni saini ya kidijitali. Ukiongeza alama kwenye waraka uliosainiwa hivyo, programu ya ukaguzi inaweza kuonyesha kwamba umebadilika baada ya kusainiwa. Weka alama kwenye nakala, na ule uliosainiwa usiuguse.

Kitabu nilichokinunua hakiniruhusu kutoa alama zote.

Vitabu vyenye kufuli ya haki za kidijitali hufungwa na masharti ya mchapishaji. Kwenye Kindle, kwa mfano, mchapishaji anaweza kuweka kikomo cha kiasi cha maandishi unachoweza kutoa. Ukikivuka, alama zinabaki kitabuni lakini maneno yake hayatoki. Maelezo uliyoyaandika mwenyewe hayana kikomo hicho, na hiyo ni sababu nyingine ya kuandika badala ya kupaka.

Waraka umetoka toleo jipya. Alama zangu zitahamia?

Kwenye PDF, hapana. Alama huhifadhiwa kwa vipimo vya mahali kwenye ukurasa, si kwa maana ya maneno. Aya moja ikiongezwa ukurasa wa 3, kila alama iliyofuata, hata ukiweza kuibandika kwenye toleo jipya, itaangukia sentensi isiyo yake. Fungua matoleo yote mawili ubavu kwa ubavu, pitia alama moja baada ya nyingine, na uhamishe zile tu ambazo bado zina kazi. Kwa waraka wa kurasa 60 ni kazi ya jioni moja. Toleo la zamani lenye alama lipe tarehe kwenye jina lake na ulihifadhi, kwa sababu mtu ataliuliza.